Sukari haipo: Wanafunzi wa uuguzi na uzito wa neno moja

Kiswahili kimelitwika neno dawa kazi nyingi mno. Iko dawa ya mbu, nayo humwua mbu. Iko dawa ya meno, nayo huyahifadhi meno. Iko dawa ya viatu, nayo huving'arisha. Msikilizaji hufahamu kila moja kwa mazoea, wala hakuna aliyewahi kupata madhara kwa kuchanganya maana hizo. Hatari huanza tunapofika kwenye "dawa ya presha" na "dawa ya sukari". Mzee anayeambiwa ameze dawa ya sukari hawezi kujua, kwa jina hilo pekee, iwapo dawa hiyo huipandisha sukari yake au huishusha. Siku afya yake inapokuwa shwari, jambo hilo halimdhuru. Siku anapoanguka, huenda uhai wake ukategemea jibu la swali hilo.

Sisi tunaoandika makala haya si matabibu. Ni katibu wa kamati ya msikiti wa mtaa, mhitimu wa chuo cha Kiislamu, na kazi yetu ya kila siku ni mihutasari ya vikao, hesabu za sadaka na funguo za vyumba vya madrasa. Ni funguo hizo zilizotuingiza katika elimu ya dawa. Takriban miaka mitatu iliyopita, wanafunzi wa chuo cha uuguzi kilicho jirani walituomba chumba kimoja cha kujisomea baada ya swala ya Isha, kwani vyumba vyao vya kupanga havikuwa na utulivu wala mwanga wa kutosha. Wengi wao walikuwa mabinti, na wachache vijana wa kiume.

Ombi hilo halikupita kirahisi. Baadhi ya wazee wa kamati walisema kuwa chumba kile ni wakfu, na kwamba wakfu haugeuzwi kinyume na nia ya aliyeutoa. Hoja hiyo ilikuwa nzito na tuliipa heshima yake. Tuliifungua hati ya wakfu mbele ya kikao, tukakuta mtoaji, Allah amrehemu, ameandika kuwa chumba ni cha kufundishia elimu yenye manufaa kwa Waislamu na majirani zao. Imamu wetu akakumbusha habari ya Bi Rufaida al-Aslamiyya, mwanamke wa Madina aliyewahudumia majeruhi. Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq, alitibiwa katika hema la Bi Rufaida lililokuwa ndani ya msikiti wa Mtume (SAW). Ikiwa msikiti ule ulikuwa na nafasi ya mgonjwa na muuguzi wake, imamu aliuliza, chumba chetu chenye viti kumi na viwili kina udhuru gani? Kikao kikapitisha ombi kwa masharti: mabinti wakae upande wao, awepo mama mmoja wa kuwasimamia, na mlango ufungwe ifikapo saa nne usiku.

Kwa kuwa sisi ndio wenye funguo, tulilazimika kubaki hadi saa hiyo. Mwanzoni tulikaa pembeni na daftari la hesabu. Baada ya muda masikio yakaanza kusikia kile ambacho wanafunzi wale walikuwa wakikihangaikia: orodha ndefu za maneno wasiyoyajua, wakiyakariri kama mtoto anavyokariri matini asiyofahamu maana yake, na kuyasahau kabla ya juma kuisha.

Aliyesoma sarufi ya Kiarabu hawezi kuona hali ile akanyamaza. Katika elimu ya sarfu tulifundishwa kuwa neno lina shina, na shina huzaa. Kutokana na herufi tatu za kāf, tā na bā tumepata kitabu, maktaba na katibu. Anayelijua shina hahitaji kukariri matawi yote. Tuliwauliza wanafunzi iwapo maneno yao nayo hayana mashina. Wakafungua vitabu vyao, na ikadhihirika kuwa yanayo, mengi yakiwa yametoka katika Kigiriki na Kilatini. Hepato ni ini. Nefro ni figo. Gastro ni tumbo. Kadio ni moyo. Kisha huja viambishi vya mwisho: aitisi ni uvimbe wenye joto na maumivu, ektomi ni kukata na kuondoa, emia ni hali ya damu. Basi hepataitisi ni uvimbe wa ini, nefraitisi ni uvimbe wa figo, na apendisektomi ni kuondolewa kidole tumbo. Mbele ya neno nako huwekwa viambishi: taki ni upesi, bradi ni polepole, hivyo takikadia ni moyo kwenda mbio na bradikadia ni moyo kuzorota. Kwa mashina thelathini na viambishi ishirini, mwanafunzi anaweza kufumbua mamia ya maneno ambayo hajawahi kuyaona.

Tuligundua pia kuwa baadhi ya maneno hayo ni jamaa zetu waliosafiri mbali wakarudi na nguo nyingine. Sirapu anayopewa mtoto ilitoka katika neno la Kiarabu sharāb, kinywaji, nalo ni ndugu wa sharubati tunayofuturia. Alkoholi inayosafishia ngozi kabla ya sindano ilitoka katika al-kuhl, yaani wanja. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alikitenga kitabu cha pili cha al-Qanun chake kwa ajili ya dawa zisizochanganywa na kitabu cha tano kwa dawa za kuchanganya, na kazi hiyo ilifasiriwa kwa Kilatini katika mji wa Toledo karne ya 12. Binti wa Kiislamu anayesoma majina ya dawa hana sababu ya kujiona mgeni mlangoni. Amerejea katika nyumba ambayo wazee wake walishiriki kuijenga.

Katika maneno yote, mawili yaliwatesa kuliko mengine: haipoglaisemia na haipaglaisemia. Yanatofautiana kwa irabu moja tu. La kwanza ni sukari kushuka mno katika damu, la pili ni sukari kupanda mno. Tiba ya moja ni madhara kwa mwingine, kwani anayehitaji sukari akipewa insulini anaweza kufa. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili, binti mpole asiyesema sana, ndiye aliyetatua fumbo lile kwa Kiswahili chake cha nyumbani. "Haipo," alisema, "ni sukari haipo. Haipa ni sukari imepaa." Wenzake walicheka, kisha wakaandika. Tangu siku ile hakuna aliyeyachanganya tena, na wakagundua kuwa ufunguo huohuo unafungua haipotensheni, presha iliyoshuka, na haipatensheni, presha iliyopanda.

Mwezi wa Ramadhani uliofuata, muda mfupi kabla ya Alasiri, mzee mmoja wa safu ya kwanza alianza kutokwa na jasho jingi, mikono ikimtetemeka na maneno yakimtoka ovyo. Watu walimzunguka. Mmoja akasema ni joto, mwingine akasema apepewe na asomewe. Mjukuu wake, kwa nia njema kabisa, akasema, "Babu ana sukari, imempanda," akatoa mfukoni pakiti ya vidonge vya dawa ya sukari ili ampe. Kutoka nyuma ya pazia la akina mama ikasikika sauti ya binti yule ikituita: "Ustadhi, asipewe vidonge! Muulizeni amekula nini na amemeza dawa saa ngapi."

Mzee alikuwa amekula tende mbili tu wakati wa daku, akameza vidonge vyake kama kawaida. "Babu anaweza kumeza?" binti akauliza. Tukamjibu kuwa anaweza. "Basi sukari haipo, Ustadhi. Mpeni maji ya sukari, mumwinue kichwa, anywe polepole." Palikuwa na aliyesita kwa sababu ya funga. Imamu akasema kwamba mgonjwa ameruhusiwa kufungua na siku yake ataifidia, wala hapana mjadala. Baada ya kiasi cha robo saa mzee alitutambua tena kwa majina. Wengi wakadhani jambo limekwisha, lakini binti alisisitiza apelekwe hospitali, kwa kuwa dawa aliyomeza alfajiri bado ilikuwa mwilini ikifanya kazi na sukari ingeweza kushuka tena. Walimpeleka, wakamweka chini ya uangalizi hadi siku ya pili.

Dawa ile iliitwa glibenklamidi. Inalisukuma kongosho litoe insulini, nayo huendelea kulisukuma hata kama tumbo ni tupu. Ndiyo maana mwenye kisukari anatakiwa amwone daktari wake kabla ya Ramadhani kuingia, si baada ya kuanguka, ili aambiwe iwapo inafaa afunge na dawa zake zipangwe upya. Kilichomwokoa mzee wetu ni mwanafunzi aliyejua maana ya maneno, na akajua kuyarudisha katika lugha ambayo mjukuu, imamu na katibu waliielewa papo hapo.

Neno "bado iko mwilini" linastahili kufafanuliwa, maana humo ndimo lilimo somo lote la dawa. Dawa imezwayo hupita safari nne: hufyonzwa kutoka tumboni na utumbo kuingia katika damu, husambazwa kwenye viungo, huchakatwa, aghalabu na ini, na mwisho hutolewa, aghalabu na figo kupitia mkojo. Muda ambao kiasi cha dawa katika damu hupungua hadi nusu yake huitwa nusu-maisha ya dawa. Dawa yenye nusu-maisha fupi hurudiwa mara nyingi kwa siku, na yenye nusu-maisha ndefu yaweza kumezwa mara moja tu. Mzee mwenye figo dhaifu huitoa dawa polepole, hivyo kipimo kilichomfaa akiwa na miaka 40 chaweza kumlemea akiwa na 75.

Hapo pana jambo linalozihusu nyumba zetu moja kwa moja. Tunapoambiwa "kutwa mara tatu", wengi wetu humeza asubuhi, mchana na jioni, kisha usiku mzima dawa hulala, kwa sababu katika Kiswahili kutwa ni tangu kuche hadi kuchwe, yaani mchana tu. Kwa dawa nyingi za kuua bakteria zinazoandikwa hivyo, kusudio la tabibu ni kila baada ya saa 8. Vivyo hivyo kwa dawa mseto ya malaria: dozi ya pili humezwa saa 8 baada ya ile ya kwanza. Aliyeanza saa nne usiku humeza ya pili saa kumi na mbili asubuhi, kisha huendelea asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata hata kama homa imekwisha, na humeza pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa ili ifyonzwe vyema.

Saa zetu nazo zina mtego wake. Muuguzi huandika 8:00 katika karatasi ya wodini akikusudia saa mbili asubuhi. Mgonjwa akiandikiwa "saa 8" nyumbani, ataisoma saa nane mchana. Aidha kwa wazee wetu wa pwani siku huanza magharibi, na usiku wa Jumatatu kwao ni ule unaotangulia mchana wa Jumatatu. Kijana wa mjini akimwambia bibi, "Anza dawa usiku wa Jumatatu," huenda bibi akaanza siku moja kabla. Wanafunzi wetu walijifunza kusema, "Jumatatu, baada ya kuswali Isha." Kwa Mwislamu, swala tano ni saa ya ukutani isiyohitaji betri, na muuguzi mwenye hekima huitumia.

Tukija kwenye majina ya dawa, nayo yana koo zake, na ukoo hujulikana kwa mkia wa jina. Amoksisilini, ampisilini na kloksasilini ni watoto wa penisilini. Mgonjwa aliyewahi kuvimba midomo na kubanwa pumzi kwa penisilini yuko hatarini kwa ndugu zake wote, hata anapopewa Augmentin, ambayo jina lake la dukani halionyeshi kuwa ndani yake imo amoksisilini. Dawa za presha ziishiazo na prili, kama kaptoprili na enalaprili, ni ukoo mmoja. Ziishiazo na ololi, kama atenololi na propranololi, ni ukoo mwingine, nazo hupunguza kasi ya moyo. Lakini propranololi yaweza kumbana kifua mwenye pumu. Muuguzi anayeusikia mkia huo husimama na kuuliza swali moja kabla ya kutoa kidonge.

Jina la dukani huleta kosa jingine la majumbani. Mtu humeza Panadol kwa ajili ya kichwa, kisha dawa ya mafua, asijue kuwa dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli. Kwa mtu mzima mwenye afya, kikomo ni gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, tena vikiachanishwa. Kupita hapo ni kuliumiza ini, na ini halilalamiki mapema. Mtu aweza kujiona mzima kwa siku ya kwanza ilhali madhara yameshaanza.

Mwisho ni hesabu. Tulishangaa kuona kuwa kilichowatia hofu zaidi wanafunzi hakikuwa Kilatini, bali nukta. Nusu ya miligramu huandikwa 0.5, wala haiandikwi .5, kwa kuwa nukta ikififia itasomeka 5. Kwa sababu hiyohiyo miligramu 5 haiandikwi 5.0, isije ikasomeka 50. Kidonge cha digoksini cha miligramu 0.25 kikisomwa 25, kosa ni la mara mia moja. Tuliketi nao wakipiga hesabu ya mtoto wa kilo 12 mwenye homa: miligramu 15 kwa kila kilo ni miligramu 180. Chupa inasema miligramu 120 katika mililita 5. Gawanya 180 kwa 120, zidisha kwa 5, jibu ni mililita 7.5. Kisha wakaulizana swali bora kuliko hesabu yenyewe: mama atapimaje 7.5 kwa kijiko cha chai, ilhali vijiko vya majumbani havilingani? Walikubaliana kuwa muuguzi ampe mama bomba dogo la sindano lisilo na sindano, amwekee alama kwa kalamu, na amwombe aonyeshe mwenyewe kabla hajaondoka.

Walimu wao huwakumbusha mambo matano sahihi: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi na wakati sahihi. Sisi tuliosoma fiqhi tunaona humo maana ya amana, kwani aliyepewa amana haruhusiwi kuifikisha kwa makisio. Tungethubutu kuongeza la sita, nalo ni maelezo sahihi. Vifupisho vya BD na TDS ni vya kuzungumza muuguzi na tabibu. OD kwa mmoja ni mara moja kwa siku, na kwa daktari wa macho ni jicho la kulia. Mgonjwa hapaswi kuachiwa herufi hizo juu ya bahasha ya vidonge aende nazo nyumbani kama hirizi.

Kwa hiyo tuna maneno kwa pande mbili. Kwenu wazazi: binti au kijana anayesoma uuguzi asionekane anapoteza muda anapokesha na orodha za maneno. Mtafutieni meza, taa na utulivu. Nanyi mnapopokea dawa dirishani, msione haya kuuliza matatu: hii inafanya nini mwilini, nimeze lini na lini, na nikiona dalili gani nirudi? Anayeuliza hamdharau muuguzi, anamsaidia kutimiza amana yake.

Kwenu wanafunzi: fumbueni maneno, msiyakariri tu. Kisha kila neno mtakalolifumbua litafutieni mwenzake katika lugha ya mgonjwa, kwa sababu mgonjwa haponi kwa istilahi asiyoielewa. Na kwa kamati za misikiti mingine: angalieni vyumba vyenu vinavyofungwa baada ya Isha, na zisomeni hati za wakfu wenu kwa makini. Huenda walioviacha waliandika ruhusa ambayo bado haijatumiwa.

Tunamwomba Allah (SW) awape shifaa wagonjwa wetu, na awape wanaowahudumia elimu yenye manufaa na ulimi ulio wazi. Wabillahi tawfiiq.